Nani Ashike Kamera?

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani hivi sasa.

Katika mkutano wetu uliopita, wengi mtakumbuka, mwenzetu mmoja alisimama akatoa hoja kwamba mchango wetu ununue kamera mbili, kompyuta moja na projekta, ili vijana wa shule waanzishe klabu ya kutengeneza picha za video na kuzionyesha vijijini hapa Kibingo. Hoja ile haikumaliza nusu saa. Mmoja alisema tangi la maji ndilo la kwanza. Mwingine akasema, watu wakacheka, kwamba vijana wa siku hizi wamekwisha kuharibika kwa simu, sasa ninyi mnataka kuwaongezea kamera. Mwenyekiti akaiahirisha. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya pili na sikufungua kinywa, ingawa huenda katika ukumbi mzima hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kusema kunishinda mimi. Mhariri ameniomba makala ya historia. Basi nitaandika historia ya hoja ile, maana ina umri mkubwa kuliko tunavyodhani, na mwishoni nitasema kwa nini nilinyamaza.

Picha za kwanza za Karagwe zilizosafiri mbali zilichorwa na mgonjwa. Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika. Speke akaondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant akabaki miezi kadhaa kwa sababu mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya, hata kutembea hawezi. Katika kukaa kule akachora watu na nchi, na michoro yake ikaenda Uingereza. Speke naye akaandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 jinsi alivyompima shemeji wa Omukama, mkono, kifua na paja, akaorodhesha vipimo vile kwa futi na inchi kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Sipendi kumlaumu sana Grant, alikuwa na jicho zuri na bila yeye tungekosa mengi. Lakini mtindo uliwekwa pale. Kwa zaidi ya miaka mia moja iliyofuata, karibu kila mara nchi yetu ilipopigwa picha mpigaji alikuwa mpita njia, na picha ikaenda zake pamoja naye.

Sinema ilipoingia Tanganyika ilikuja na nia nyingine: safari hii wenyeji nao watazame. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walianzisha jaribio la kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Kufikia mwaka 1937 walikuwa wametoa filamu 35. Moja ilihusu kuweka akiba katika benki ya posta, nyingine minyoo ya safura, nyingine kodi. Waigizaji walikuwa Waafrika, sauti ilitiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, na lori likazizungusha filamu hizo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Ilikuwa kazi kubwa kwa vyombo vya siku zile. Hata hivyo jibu la kila hadithi lilikuwa limekwisha kuamuliwa kabla kamera haijafunguliwa. Katika sinema za kikoloni za miaka ile na iliyofuata utamkuta mara nyingi mtu mwerevu anayefuata shauri na mjinga asiyefuata, na watazamaji wanajua tangu dakika ya kwanza wao wanahesabiwa upande gani.

Baada ya Uhuru magari ya sinema hayakukoma. Shirika la Filamu Tanzania liliundwa mwaka 1968, na filamu kama Fimbo ya Mnyonge ya miaka ya 1970 zikafundisha siasa ya ujamaa. Wazee wetu wanakumbuka shuka jeupe lililofungwa kati ya miti miwili, na wadudu waliovamia mwanga wa projekta. Filamu zilikuwa zetu sasa, na hilo si jambo dogo. Lakini bado gari lilikuja, likasema, likaondoka asubuhi.

Kitu kipya kabisa hakikutoka kwenye sinema. Kilitoka kwenye redio. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilirusha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, wakajadiliana chini ya kiongozi wa kikundi, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Nawaomba vijana mlitazame jambo hili kwa makini. Chombo kilikuwa kile kile cha betri ambacho mtu aliweza kukisikiliza peke yake kitandani. Nguvu ilitoka kwenye duara la watu waliokizunguka na kwenye mazungumzo baada ya kukizima.

Televisheni ilikuwa hadithi nyingine. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena ya rangi, ya kwanza ya namna hiyo Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania Bara tulikaa bila kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Walioitetea hali ile walisema televisheni ni anasa ya wachache wa mjini, na fedha ziende kwanza kwenye shule na zahanati. Mimi naona walikuwa na haki nusu. Hesabu ya fedha ilikuwa sahihi. Walichokosea ni kudhani kwamba kuna namna moja tu ya televisheni, ile inayotoka mji mkuu na kushuka chini.

Namna ya pili ilikwisha kupatikana, mbali sana na sisi, katika kisiwa cha wavuvi cha Fogo, pwani ya Newfoundland nchini Kanada. Serikali ya jimbo ilitaka kuwahamisha watu wa visiwa vidogo na kuwakusanya mahali pamoja penye huduma. (Msomaji aliyeishi Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 hatahitaji kuelezwa zaidi.) Mwaka 1967 mtengenezaji filamu Colin Low, wa Bodi ya Taifa ya Filamu, alikwenda pale kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Memorial. Badala ya kutengeneza filamu moja kuwahusu wavuvi, alitengeneza filamu fupi nyingi ambazo wavuvi wenyewe walisema yaliyo moyoni. Aliyepigwa picha alionyeshwa kwanza, na asiporidhika kipande kiliondolewa. Kisha vijiji vikaonyeshana filamu zao, na watu waliokuwa hawazungumzi kwa sababu ya dini na umbali wakagundua kuwa shida yao ni moja. Mwishowe filamu zikapelekwa serikalini, waziri wa uvuvi akajibu, na jibu lake nalo likarekodiwa na kurudishwa kisiwani. Watu wa Fogo hawakuhama. Walianzisha chama cha ushirika. Sisemi filamu peke yake ilifanya hayo, lakini ilikuwa daraja ambalo barua zao hazikuwahi kuwa. Miaka ile ile kampuni ya Sony ilitoa mtambo wa video wa kubebwa begani, ambao kanda yake haikuhitaji kusafishwa maabara, na jambo lililohitaji chuo kikuu likaanza kuwezekana kwa kikundi cha vijana.

Mfano wa karibu nasi ulitokea kusini mwa nchi yetu. Katika miaka ya 1990 mikoa ya Mtwara na Lindi ilikuwa na mpango wa maendeleo ya vijijini uliosaidiwa na Finland, na ndani yake wakafanya kazi watu wa video, miongoni mwao kikundi cha Maneno Mengi chenye makao yake Zanzibar, wakiifuata njia ya Fogo. Shida kubwa ya pwani ile ilikuwa uvuvi wa baruti. Mtu mmoja hutupa baruti majini, huokota samaki wa dakika kumi na kuua matumbawe yanayohitaji miaka mingi kukua tena. Kila mvuvi alijua wanaofanya, na kila mmoja aliogopa kuwataja peke yake. Kamera ikawakuta wakiyasema hayo kijijini kwao, kanda ikaonyeshwa kijiji cha pili na cha tatu, kisha ikawafikia viongozi waliokuwa wakisema hawana habari. Vijiji vya pwani vikaungana katika umoja ulioitwa Shirikisho, na milipuko ikapungua sana mwishoni mwa miaka ile. Baadaye, ulinzi ulipolegea, baruti zilirudi. Nalisema hili kwa sababu wapenzi wa kamera hupenda kulisahau: video inaweza kumfanya kiongozi asione tena mahali pa kujificha, lakini haiwezi kufanya doria usiku.

Turudi kwetu. Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 14. Ulikuwa mwaka ambao vituo vya kwanza vya televisheni vilianza Dar es Salaam, na ulikuwa pia mwaka ambao kamera za dunia zilishuka Kagera. Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa siku moja hivi, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara wakitoka Rwanda, na hapo hapo kambi zikafunguliwa na kwetu Karagwe. Nakumbuka gari jeupe likisimama karibu na shule yetu ya msingi, akashuka mzungu mwenye kamera begani. Sisi watoto tukamkimbilia. Akatuashiria tusimame kwenye ukingo wa barabara ili tuwe nyuma ya mama mmoja mkimbizi aliyebeba godoro. Tukasimama kwa utii mkubwa. Sijui tulionekana nchi gani na tuliitwa nani. Huenda kuna watu mpaka leo wanaoamini kuwa nilikuwa mkimbizi. Wakimbizi wengi walirudi kwao Desemba 1996, kuni za vilima vyetu zimekwisha, na wazee wetu wana mengi ya kusema juu ya miaka ile miwili na nusu. Wenyeji walivyoishi na wageni wale, waliouziana nao ndizi, waliooana nao, walioibiwa na walioiba, nani alirekodi? Karatasi za mashirika zipo. Sauti ya bibi yangu haipo.

Nilipoingia sekondari mwaka 1996 tulikuwa tunaijua video kwa njia ya banda. Mtakumbuka, ninyi wa rika langu: mabati, magunia meusi madirishani, jenereta ikinguruma nyuma, na filamu za ngumi ambazo mtu mmoja alitusimulia kwa sauti kuliko waigizaji wenyewe. Walimu walilichukia banda na hawakukosea, maana baadhi yetu tuliuza madaftari ili kupata kiingilio. Lakini yule msimuliaji alitufundisha kitu. Alizitia hadithi za Hong Kong majina ya watu wa sokoni kwetu, na banda zima likawa linajibizana naye. Tulikuwa tayari tunatengeneza televisheni yetu, tukikosa kamera tu.

Vijana wa miji mingine ya Afrika Mashariki walizipata. Mathare, Nairobi, tangu katikati ya miaka ya 2000 kikundi kilichoitwa Slum TV kiliwafundisha vijana kurekodi maisha ya mtaa wao na kuyaonyesha usiku hadharani, mtaani pale pale, kwa watu wale wale waliopigwa picha. Kibera walianza habari zao za video mwaka 2010, Kibera News Network. Huko Goma, mji uliozoea kupigwa picha za vita na volkano, kituo cha vijana cha Yole!Africa kimekuwa kikifundisha kutengeneza filamu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na sisi Karagwe tusijidharau. Redio ya jamii ya FADECO imekuwa hewani tangu mwaka 2007, na kwa mara ya kwanza mkulima wa migomba alisikia sauti ya jirani yake ikitoka kwenye kisanduku kile kile kilichokuwa kikileta sauti ya Dar es Salaam. Wanaosema vijijini mambo haya hayawezekani wafungue redio.

Sasa nije kwenye ukimya wangu.

Mwaka 2009 nilikuwa afisa maendeleo ya jamii katika wilaya moja ambayo sitaitaja, haiko mkoani Kagera. Shirika moja lilileta kamera mbili ndogo, kompyuta na projekta, likawafundisha vijana 12 kwa wiki tatu. Kazi yao ya kwanza ilikuwa ngoma za harusi. Ya pili ilikuwa pampu ya kisima iliyokuwa imeharibika karibu miaka miwili, ilhali kila kaya ilikwisha kutoa mchango wa matengenezo. Hawakumtukana mtu. Walimwuliza mama mmoja anaamka saa ngapi kwenda kuchota maji mtoni, akasema saa tisa usiku, wakaenda naye saa tisa usiku. Kisha wakamwuliza mtunza hazina wa kamati fedha ziko wapi. Yule bwana alitazama kamera, akatazama viatu vyake, akasema swali hilo ni gumu.

Dakika 14 tu. Walizionyesha siku ya gulio, jioni, kwenye ukuta wa ghala. Watu hawakupiga kelele. Walipofika kwenye viatu, mtu mmoja alisema taratibu, "Rudisheni hapo," wakarudisha.

Pampu ilitengenezwa siku ya tisa. Siku ya pili, hata hivyo, simu zilikuwa zimekwisha kupigwa, na siku ya nne ikaja barua iliyouliza ni nani aliyewapa vijana wale kibali. Mkuu wangu wa idara alikuwa safarini na mimi nilikuwa nakaimu. Nilikuwa na miaka 29, sijathibitishwa kazini. Nikaandika dokezo kwamba vifaa vihifadhiwe stoo mpaka utaratibu utakapotolewa, nikaweka sahihi. Hakuna aliyenilazimisha kutumia maneno hayo. Niliyachagua kwa sababu yananifaa mimi kuliko mtu mwingine yeyote.

Binti mmoja wa kidato cha tatu, ndiye aliyekuwa akishika kamera, alikuja ofisini mara tatu. Mara ya tatu aliniamkia, akasimama, akaniuliza, "Samahani mkubwa, huo utaratibu unatolewa na nani?" Nikamwambia asubiri. Nilihamishwa mwaka 2012. Siku ya makabidhiano tulifungua stoo tukakuta ukungu mweupe kwenye lenzi na panya wamekula waya za projekta. Nikaandika kwenye leja: kamera mbili, mbovu.

Kwa hiyo niliposikia hoja ile mkutanoni nilijua majibu ya pingamizi zote na sikuwa na uso wa kuyatoa. Nayatoa hapa. Juu ya simu: ni kweli kwamba simu ya leo inapiga picha safi kuliko mtambo wa 1967, lakini mwenye simu hutazama peke yake na hutumiwa picha na watu asiowajua. Klabu ni watu kumi wanaobishana kipande kipi kibaki, kisha kijiji kinachokaa mbele ya ukuta na kuwajibu. Juu ya sheria: zipo, tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 mpaka kanuni za maudhui ya mtandaoni, ambazo zilipotolewa mwaka 2018 zilidai ada na leseni za zaidi ya shilingi milioni 2 kwa anayeanza, kabla ada hazijapunguzwa. Kwa sababu hiyo barua zote ziandikwe kabla kamera haijanunuliwa, na mmoja wetu mwenye uzoefu wa masijala ashughulike nazo. Nipo. Aliyepigwa picha aonyeshwe kwanza, kama Fogo, na mzazi wa mtoto aulizwe. Na juu ya tangi la maji sina la kubishana, tulinunue. Lakini anayetaka kujua kama tangi litatunzwa, awaachie vijana kamera mwaka wa pili.

Jambo ninaloling'ang'ania ni ufunguo wa kabati. Usikae kwa mkuu wa idara yoyote, wala kwa kamati yetu, wala kwangu. Ukae kwa wanafunzi wawili wanaochaguliwa kila mwaka na kusaini daftari mbele ya mwalimu mlezi.

Kazi ya kwanza wanayo tayari, wakitaka: wazee wa Kibingo walioiona miaka ile ya kambi wanapungua, na walio hai wanapenda kuzungumza, hasa jioni.

Kutoka stoo ile sikuchukua kitu cha serikali. Lakini yule binti, alipokuja mara ya mwisho, aliacha mezani kwangu kanda ndogo ya kamera, akasema ni nakala. Ninayo nyumbani, kwenye bahasha. Nitakuja nayo katika mkutano ujao ili ionyeshwe kabla ya hoja kurudishwa mezani. Kanda za namna ile siku hizi hazina mashine, na yangu haifanyi kazi. Mwenye kamera ya zamani ya kanda ndogo asikose kuja nayo, pamoja na waya zake.